Safari ya Katesh Kufuata Kitabu cha Bangi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuomba ruhusa ambayo hakuna mtu aliyenidai. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Uingereza aliniandikia kwamba amenitumia kitabu kinachoeleza jinsi bangi, kasumba na dawa nyingine za kulevya zinavyoathiri akili. Mtu mwingine angesubiri posta. Mimi niliwaandikia watu wa forodha Arusha, nikauliza kama kitabu cha namna hiyo kinaruhusiwa kuingia nchini, kisha nikaeleza na sababu ya kukihitaji: kaka yangu Tluway alikuwa amerudi kutoka mashamba ya ngano ya Hanang akiwa mvutaji wa bangi, na sasa alikuwa akizungumza na watu tusiowaona. Niliinakili barua ile upya kila nilipokosea herufi. Jibu lilikuwa fupi. Kitabu kimezuiwa, na kwa kuwa nimeitaja Hanang, kimepelekwa Katesh, makao ya wilaya hiyo, kikaguliwe huko. Mimi nakaa Dongobesh, wilaya ya Mbulu.

Sikuelewa, na muda wa kuelewa haukuwepo. Mganga wa zahanati yetu alitaka Tluway apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, na gari lilikuwa linaondoka mwisho wa wiki. Mama alikataa kutoa kauli.

"Wewe ndiye msomaji," aliniambia. "Katafute kama watu wa hivi hupona. Kama hawaponi, mwanangu abaki hapa nimwone."

Asubuhi yenye ukungu niliondoka Dongobesh juu ya lori la ushirika, nimekalia magunia ya maharage, kamusi nimeifunga ndani ya sweta. Shule niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha kwa kamusi hiyo, na kila neno nililolijua nilihofia kwamba nalijua vibaya. Lori lilipoanza kuteremka ukingo wa bonde, breki zilinuka, abiria wakang'ang'ania magunia, nami nikawa nakariri kimoyomoyo maelezo nitakayompa afisa.

Dareda, chini ya mteremko, mgambo walisimamisha lori na kudai barua za safari. Yangu ilikuwa na sahihi ya balozi wetu wa nyumba kumi.

"Unafuata nini Katesh?"

"Kitabu."

Hapo ningenyamaza. "Cha bangi," nikaongeza, nisije nikaonekana nimeficha kitu.

Mgambo akamtazama mwenzake. "Cha bangi. Basi shuka utuonyeshe na bangi yenyewe."

Walipekua mfuko wangu, wakaikung'uta kamusi, wakanusa sweta. Abiria walisubiri juani kwa ajili yangu. Nilipopanda tena, mama mmoja mwenye kuku mapajani alinisogezea nafasi.

"Mwanangu, siku nyingine sema unakwenda kumsalimia shangazi."

"Lakini nitalala kwa shangazi kweli, mama."

"Sasa si ungesema hivyo?"



Jioni nilifika Gitting kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Alikuwa anapura maharage uani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Unakula hayo makaratasi yako?" Nilipomweleza safari alitikisa kichwa. "Wagonjwa wa wenzetu wanafuatiwa dawa. Wa kwetu anafuatiwa kitabu, tena kitabu chenyewe kimefungwa."

Tukiwa tunakula aliniambia kwamba Tluway, alipokuwa kwenye ngano, alikuja kila Jumapili kumpasulia kuni, akicheka mwenyewe. Walidhani ni furaha ya mshahara.

"Kitabu kikisema haponi, utamwambia mama yako?"

"Nitamwambia kama kilivyoandikwa."

"Ndiyo maana nakuuliza," alisema, akaniongezea ugali.

Katesh, kesho yake, mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na mawingu na vumbi lilitembea barabarani. Afisa aliyepewa kazi ya kukagua kitabu aliitwa Ndugu Hamisi, mtu wa Lindi, aliyevaa koti zito kama vile baridi ya huku ilikuwa imemwandama yeye peke yake. Kitabu kilikuwa kwenye kabati nyuma yake. Nilikiona kupitia kioo, jalada la kijani.

Alinisomea maagizo. Kitabu kinachofundisha matumizi ya dawa za kulevya hakiruhusiwi. Kitabu cha tiba kinaruhusiwa, mganga akithibitisha kwa maandishi.

"Mganga atathibitishaje bila kukisoma, ndugu?"

"Atakisoma kikitoka."

"Na kitatoka lini?"

"Mganga akithibitisha." Akayatazama tena maagizo yake. "Hata mimi nimelisoma jambo hili mara nyingi. Nilidhani nyinyi mlioomba mnajua."

Mwishowe alimwita Dada Paulina, mganga wa zahanati ya pale, aje kusikiliza, kwa sababu maagizo hayakukataza kusikiliza. Mimi ningesoma na kutafsiri. Ndugu Hamisi angeshika kitabu mwenyewe, na karatasi ya kukaushia wino mkononi ya kufunika yasiyofaa.

Nilisoma polepole mno. Neno moja nililitafuta kwenye kamusi, nikalitafsiri, nikajisahihisha, nikarudia.

"Kijana, endelea," Dada Paulina alisema. "Nina akina mama wenye watoto wanasubiri sindano."

Tukafika palipohusu wagonjwa kama Tluway. Nikatafsiri: "Wengi wao hurejewa na akili wakiacha kuvuta na kutunzwa mapema, isipokuwa..."

Ukurasa uliishia hapo. Ndugu Hamisi akafunua, akaona picha ya mmea na kiko, akaifunika haraka kwa ile karatasi.

"Hapa hapana. Hii ni ya kufundisha."

"Ndugu, ni sentensi moja tu imebaki."

"Ruka."

"Hamisi," Dada Paulina alisema, "mimi naosha maiti, leo nifichwe picha ya jani?"

"Dada Paulina, mimi nina watoto wanne na barua moja ya onyo. Kitapelekwa Dar es Salaam, wakubwa waamue."

Yeye mwenyewe hakusoma chini ya ile karatasi. Alikuwa amegeuza uso dirishani. Akakifunga kitabu.

Niliporudi Dongobesh, mama alikuwa jikoni na Tluway amekaa mlangoni, ananong'ona. Njia nzima nilikuwa nimejiuliza kama niseme "wengi hupona" niishie hapo.

"Wengi hupona," nilisema. "Isipokuwa..."

"Isipokuwa nani?"

"Walinizuia kusoma, mama."

"Wao walisoma?"

"Hapana. Hata wao."

Mama akageuza chungu motoni.

"Basi hakuna anayetuzidi kujua. Umesema wengi. Mwambie mganga kwamba Tluway aende."

Gari lilimchukua Tluway, naye akarudi baada ya mavuno. Analima, zipo siku haongei na mtu, lakini haongei na wasioonekana pia. Kitabu sikukipata, na sentensi ile sijui inaishaje. Barua zangu sasa ni fupi. Nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, na usiku ule ule napata usingizi.