Panzi wa Bangkok, gomesi ya Kisugu

Leo mama mkwe nusura anirudishe Bangkok.

Mnajua kazi ya Australia imeisha, tumerudi kabisa Kampala, kwao mume wangu Kato. Njiani tulipumzika Bangkok wiki moja, sisi wawili tu.

Mama hakupenda.

Asubuhi tumefika kwake Kisugu, nikapiga magoti kumwamkia (mimi Mkenya, magoti bado hayajazoea). Akamwuliza Kato, si mimi: "Watu wanatoka ng'ambo, wanapita kwanza kucheza?"



Nikatoa zawadi haraka. Panzi wa kukaanga, nimenunua sokoni kulekule Bangkok. Si Waganda wanapenda nsenene, panzi wao wa hapa? Nikampa Kato awagawie watu.

Mama akaonja mmoja. Akatafuna polepole.

"Hii si nsenene."

Nikajua nimekwisha.

Akainuka, akaingia chumbani. Tukasikia kabati likifunguliwa. Akarudi na gomesi yake ya kijani, lile gauni refu la heshima la Waganda, akaniwekea mapajani.

"Si nsenene, lakini umeleta. Huku mwanamke akimletea bwana yake nsenene, bwana anamnunulia gomesi. Huyu wangu anakula tu."

Kato mdomo umejaa, bado anatafuna.

Basi nimeivaa. Inanizidi kote, na mabega yamesimama kama masikio. Wenye uzoefu, mnakaaje chini na hii kitu?

Mama mwenyewe ndiye aliyenifunga mshipi. Akaukaza, akarudi nyuma kunitazama.

"Haya. Sasa umefika."