Ubavu wa Kulia wa Ng'ombe

Usiku ule sikulala kwa sababu ya swali ambalo chuoni hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza: nilipougonga muhuri, nilikuwa nimemwona ng'ombe mzima au nusu?

Nilikuwa na miezi minne kazini, mtendaji wa kijiji kimoja upande wa Nyantakara. Shahada yangu ni ya sheria. Nimekulia Bugarama, kwenye migomba, ambako mnyama wetu mkubwa alikuwa mbuzi, naye tulimfunga kamba. Kijiji nilichopewa kilikuwa na ng'ombe kila upande, na ugomvi mkubwa wa wanakijiji ulikuwa wizi wa mifugo. Watu walishakatana mapanga kwa ajili ya ndama. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa mkali: ng'ombe haondoki kijijini bila kibali changu, nami siandiki kibali mpaka nimzunguke mnyama, niandike rangi, pembe na alama zake, na nione barua ya balozi wa nyumba kumi wa muuzaji.

Jumanne walikuja wawili na ng'ombe mmoja, mchuuzi kijana aliyemnunua na muuzaji aliyevaa koti la suti kwenye jua lile. Muuzaji akasema balozi wake amekwenda msibani. Nikampa pole. Ng'ombe alikuwa nje, ananitazama kupitia dirishani. Nikafikiria kutoka. Nikafikiria pembe. Nikafikiria kwamba wanyama hunusa hofu, halafu kwamba kama ni kunusa, basi huyu ameshanusa, hivyo kutoka hakutasaidia. Nikaandika nikiwa nimekaa: "Jike, mwekundu mtupu, pembe mbili." Nikagonga muhuri.

Alhamisi jioni sungusungu, yaani wanakijiji wanaolinda mifugo kwa zamu, walimkamata mchuuzi njiani kuelekea Kaniha. Mama mmoja mjane alikuwa amemtambua ng'ombe wake aliyeibwa. Mchuuzi akatoa kibali changu kwa kujiamini, na kibali ndicho kilichommaliza. Ubavu wa kulia wa ng'ombe yule ulikuwa na baka jeupe, pana kama sinia la pilau. Karatasi inasema mwekundu mtupu. Basi, wakasema, kijana alinunua ng'ombe halali, akamficha, akatumia karatasi yake kumpitisha wa wizi. Wakamfungia kwenye ghala la mahindi. Asubuhi wangemwuliza kwa fimbo alikomficha yule mwingine.

Yule mwingine nilikuwa nimemuumba mimi.

Niliandaa maelezo matatu. La kwanza lilihusu mwanga wa jua. La pili lilihusu vumbi jekundu la barabarani. La tatu lilikuwa kwamba ng'ombe huenda hubadilika rangi. Nikatafuta kwenye simu, hawabadiliki. Nikimkana kijana, ofisi yangu inabaki safi. Nikisema kweli, kazi niliyoitafuta miaka miwili inaweza kuishia hapo.

Asubuhi uwanja wa ofisi ulijaa. Nilimwamkia kamanda wa sungusungu, akaitikia marahaba kwa upole uliozidi kunitia hofu. Fimbo zilikuwa zimeegemezwa ukutani, chini ya tangazo nililobandika mwenyewe la kukataza watu kujichukulia sheria mkononi.

"Mtendaji, wewe ni msomi," akasema. "Tusaidie jambo dogo tu. Ulimwona ng'ombe mwekundu?"

"Nilimwona mwekundu."

"Mtupu?"

"Upande ule, ndiyo."

"Upande upi?"

Mchuuzi, aliyekalishwa chini mikono nyuma, akainua uso. "Dada yangu, kama yupo huyo ng'ombe mwingine, nionyeshe alipo nikamchukue. Nimeshamlipia."

Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Sikumzunguka," nikasema. "Nilimwandika nikimtazama dirishani. Naogopa ng'ombe. Barua ya balozi pia sikuiona. Huyu kijana hakubadilisha mnyama. Aliyemuuza alikuwa mwingine, mwenye koti la suti, nami niliwapokea wote wawili."

Yule mama mjane akaanza kucheka, akashika magoti. "Wametuletea mtendaji wa kuku," akasema, na uwanja wote ukamfuata. Kamanda peke yake hakucheka. Aliuliza kuhusu koti, akauliza tena, halafu akasema basi, fimbo ziwe kwa ajili ya mwenye koti wakimpata.

Nilimwambia hapana, hata huyo ni wa polisi. Nikaongeza kwamba kama kuna mtu wa kuulizwa leo, ni mimi, na nitaulizwa kwa maandishi. Kamanda akaagiza kijana afunguliwe kamba.

Niliandika maelezo palepale kwenye benchi, bila mwanga wala vumbi. Nikapanda bodaboda pamoja na mchuuzi na kamanda, tukabanana hadi kituoni. Nakala moja niliiweka mbele ya askari, nikaisaini akiona. Ya pili niliipeleka mwenyewe kwa bosi wangu wilayani, kabla hajaisikia kwa mtu.