Mashine ya Mama Gaudensia Iligoma Mara Nne

Jamani, mimi ni fundi kompyuta, mambo ya mashine kuwa na akili siyaamini. Lakini kuna moja iligoma mbele yangu mara nne kwa asubuhi moja. Ingekubali mara ya kwanza tu, leo nisingekuwa na uso wa kuwaandikia haya.

Naitwa Waziri. Kwetu ni Muyinga mjini, ila kibanda changu cha kazi kiko Gitega, jirani na soko.

Alhamisi saa tatu asubuhi akaingia mama mmoja, kabeba kichwani kompyuta ya meza ya zamani, kaifunga kwa kitenge.

"Karibu mama. Iko na shida gani?"

"Inawaka, inaandika maneno meupe, halafu inazima. Nimeelekezwa kwako na Zaituni, yule muuza vitenge wa Muyinga. Anasema wewe ndiye kiboko yao."

Zaituni ni shangazi yangu, dada yake baba. Miaka sita niko Gitega, hajawahi kuniletea hata mteja wa kuchaji simu. Nikavimba kichwa.

"We acha hapa, mama. Mi naweka Windows mpya, saa sita unapita, c'est bon, iko tayari."

"Fanya hima mwanangu. Kesho nina kesi Mwakiro, kule kwetu Muyinga."

Sikuuliza kesi ya nini. Sikuuliza ndani ya mashine mna nini. Sisi mafundi wa vibandani dawa yetu ni moja: futa, pakia upya, lete mwingine.

Nikachomeka flashi. Nembo ikatokea, vidoti vikaanza kuzunguka.

Vikazunguka. Vikaganda.

Nikazima, nikawasha. Safari hii flashi nikaichomeka nyuma badala ya mbele. Vikaganda palepale.

Nikajaribu Windows ya zamani, maana mashine kuukuu haitaki makuu. Vikaganda. Nikabadilisha flashi yenyewe. Vikaganda.

Letisia, dada anayepiga chapa barua za watu kibanda cha pili, alikuwa ananitazama tangu mwanzo.

"Waziri, leo umepata bwana wako!"

Nilimjibu vibaya, nakiri. Jasho lilikuwa linanitoka na saa sita ndiyo hiyo.

Mama akarudi. Jina lake Gaudensia. Akakaa kwenye stuli, akauliza taratibu tu:

"Ile sauti ya mzee umeshaitoa?"

"Sauti gani?"

Akanieleza. Familia yao ilikimbilia Tanzania wakati wa vita yeye akiwa msichana mdogo, akakulia kambini. Kurudi, akakuta shamba la baba yake, marehemu Yakobo, limeuzwa. Shahidi alikuwa amebaki mmoja tu, mzee Kasiano, jirani yao. Mume wake Gaudensia akamrekodi kwa simu, akahamishia kwenye ile kompyuta. Simu ikaibiwa. Mzee Kasiano akafariki.

"Bashingantahe wamesema kesho nisipoleta hiyo sauti, shauri limekwisha. Sina kingine, mwanangu."

Bashingantahe, kwa wasiojua, ni wazee wanaoamua mashauri kwetu. Wakishasema limekwisha, limekwisha.

Mashine ingekubali saa tatu, ile sauti ningekuwa nimeifuta kitambo, tena huku napiga mluzi.

Nikafungua, nikatoa diski, nikaiunganisha na kompyuta yangu. Faili lilikuwepo. Nikaliwasha tulisikie.

Mzee alisema kwa Kirundi, anakohoa, jogoo anawika nyuma yake:

"Shamba la Yakobo linaanzia mtoni, linapanda hadi kwenye jiwe lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Yakobo alipokimbia, mtu akaliuza kwa Twaha, fundi cherehani wa Muyinga. Nilimwambia Twaha, lina wenyewe. Akasema wenyewe hawarudi."

Lile jiwe nalijua. Utotoni tulikuwa tunakalia mgongo wake tukitafuna miwa.

Twaha ni baba yangu mzazi.

"Huyo Twaha... unamjua?" nikauliza.

"Kwa jina tu. Kikao cha kwanza alituma mtu, akanisikia nikisema sauti iko kwenye kompyuta mbovu. Nihamishie hiyo sauti kwenye flashi, mwanangu, na Windows uniwekee. Naenda kutafuta gari la kesho, na mafuta yenyewe shida."

Akatoka.

Sikuhamisha kitu. Mungu anisamehe, nilirudisha diski kwenye mashine yake.

Nikachomoa memori zote mbili, vile vibao vidogo vya ndani ambavyo mashine haifanyi kazi bila hivyo. Moja ilikuwa na uchafu kama ukungu kwenye meno yake ya kuchomekea. Nikaiweka kando, nikaisugua nyingine kwa kifutio cha penseli, nikairudisha, nikawasha.

Vidoti vikazunguka, vikapita.

Kioo kikauliza: nifute diski hii?

Kidole kikawa juu ya kitufe. Lile shamba ndilo linalomlisha mama yangu, ndilo lililonisomesha. Na nani angenishuku? Letisia mwenyewe shahidi, mashine imegoma kutwa.

Ndipo nikamkumbuka shangazi Zaituni. Miaka sita hajaniletea mteja. Kwa nini leo?

Nikampigia baba.

"Baba, ni we ulimwambia shangazi aniletee huyu mama?"

Hakuuliza mama gani. Akasema:

"Umeisha weka Windows?"

Hapo nikajua ni yeye.

"Mi nilijua we ukishika mashine unafuta tu, hauulizi," akasema. "Ungefuta bila kujua, mwana wangu. Zambi ingekuwa yangu, si yako."

"Lakini baba, sasa najua."

Akakata simu.

Nikachomoa waya ukutani. Nikaitoa diski tena, nikahamishia sauti kwenye flashi mbili. Mama aliporudi nikampa moja.

"Mama, Twaha ni baba yangu."

Akaigeuza flashi kiganjani.

"Na bado unanipa?"

"Chukua haraka, mama, kabla sijabadilisha mawazo."

Akaifunga kwenye ncha ya kitenge, mafundo mawili.

Kesho yake nilipanda naye gari hadi Muyinga, kisha Mwakiro. Baba alikuja mwenyewe safari hii, na kofia yake nyeupe. Hakunisalimia. Bashingantahe wakaketi, nikachomeka ile flashi ya pili kwenye spika, nikaiweka magotini.

Kabla sijabonyeza, baba akasimama. Akavua kofia.

"Usiiwashe, Waziri. Mwacheni mzee Kasiano apumzike. Aliniambia kweli, nami nilimsikia. Shamba iko na mwenyewe, ni huyu mama."

Mama Gaudensia alijifunika uso kwa kitenge akalia. Baadaye alimwambia baba avune kwanza maharage yake yaliyokuwa shambani, ndipo aondoke. Hilo lilimuumiza baba kuliko hukumu.

Mimi na baba tulirudi Muyinga mjini. Tulipofika sokoni ndipo akauliza:

"Ile mashine ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Memori moja tu, baba. Ilikuwa chafu."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, machozi yanamtoka.

Ndugu zangu mafundi, kabla hujafuta, muulize mwenye mashine mna nini ndani. Nanyi wazazi, dhambi unayoogopa kuibeba, usimtwishe mwanao akiwa amefumba macho. Siku moja atayafumbua.