Uso wa Mama Riziki

Nilitumwa Durban kwa ajili ya dakika mbili na nusu. Mhariri wangu Dar es Salaam alitaka taarifa ya wageni wanaofukuzwa madukani kule, na mwakilishi wa kituo chetu cha televisheni huku Afrika Kusini ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa, maisha yangu yote kwenye begi. Zamani nilisafiri na mpiga picha. Siku hizi kamera naibeba mwenyewe, na kiuno ndicho kinachojua.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka Johannesburg kwa basi. Nililala njia nzima. Milima ambayo watu huisifu sijaiona hadi leo.

Saa nane mchana, mtaa wa Point, Durban. Mama Riziki, Mkongo wa Uvira, anasuka nywele katika saluni ndogo chini ya ghorofa kuukuu karibu na bandari. Wiki hiyo vijana walikuwa wamemvunjia mlango na kumpiga. Jicho la kushoto lilikuwa bado limevimba. Alikubali kuhojiwa kwa sharti moja.

"Uso yangu isionekane, kaka. Mama yangu iko Uvira, iko na ugonjwa ya tension, ile presha. Mimi namwambiaka huku niko muzuri. Akijua, atakufa."

"Nakuahidi, dada."

Nilimrekodi kutoka nyuma, akiendelea kusuka. Nikamuuliza kuhusu mlango, vijana, polisi. Alieleza vizuri mno.

Jioni nilikuwa Isipingo, nje kidogo ya Durban, katika chumba cha bei poa juu ya stendi ya teksi. Nilihariri taarifa huku nasinzia, nikaituma, nikaoga. Taarifa iliporushwa niliitazama kwenye simu, ndipo nikaona. Mbele ya Mama Riziki kulikuwa na kioo, na ndani yake uso wake wote, jicho na uvimbe wake. Nilichunga mgongo nikasahau kuwa niko saluni! Hata aliyeanza kazi jana asingefanya upuuzi huo. Nilimpigia mhariri, nikamsihi aiondoe.

"Umechelewa, imeshasambaa," alisema. "Na hicho kioo, kaka, umetisha! Watu wanalia huku."

Asubuhi nilirudi Point. Mama Riziki alikuwa na mteja, hakugeuka.

"Mama ameniona," alisema. "Alipiga simu."

"Yuko salama?"

"Iko. Hata hakulia. Aliniuliza tu, jicho, nani anakukandaka na maji ya moto?" Mikono yake ikasimama kusuka. "Nikamwambia hakuna mutu. Hapo sasa, mimi ndiye nililia."

Nilimwomba radhi. Akasema, "Eish, kaka, enda tu," bila hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Katika basi la kurudi sikupata usingizi. Nilikaa na yule dada saa mbili nzima, hatua moja kutoka kwake, nikiuliza maswali niliyolipwa kuuliza. Kama jicho linamuuma, sikumuuliza.