Kiti cha Luc Kwenye Ndege ya Antaktika

Raïssa wa kanisani kwetu Tottenham hajawahi kukanyaga barafu zaidi ya ile ya kituo cha basi, lakini kazi yake ni watu wa Antaktika. Tulimwita Mama Barafu, naye alicheka. Kutoka ofisini kwao katikati ya London anapokea ujumbe wa kambi za watafiti: nani anaumwa jino, jenereta gani imekufa, ndege iende wapi. Mengi hupita redioni, na redio ile haina siri. Kambi moja ikizungumza, zote zinasikia.

Ndiye aliyemtafutia mdogo wake Luc kazi ya ufundi wa mitambo kule. Mama yao alinung'unika wiki nzima, kisha akamnunulia soksi.

Januari mama huyo akafariki ghafla, jikoni. Ndugu wakajaa sebuleni, na mjomba Déogratias, ambaye tangu kwetu Bukavu, Kongo, neno lake halijadiliwi, akasema:

"Luc asiambiwe. Mutu mwenye iko peke yake habamupatie habari ya kifo. Umwambie mama anaugua sana, arudie. Akifika, tutamukalisha katikati ya bandugu, ndio tutamwambia."

Simlaumu mjomba. Kwetu ndivyo tunavyofanya wote. Hata mimi niliitwa hivyohivyo baba alipokufa, nikakuta viti vimeshapangwa uani. Lakini mimi nilikuwa mwendo wa basi moja tu.

Basi Raïssa akamwandikia Luc: Mama amezidiwa, jitahidi urudi. Idara ya ndege nayo akaiandikia hivyohivyo, maana wangejua ukweli wangeutaja redioni, na Luc angeusikia akiwa ameshika spana katikati ya wageni. Mtu wetu yeyote angesoma hilo "amezidiwa" akajua ni msiba, akaanza kulia. Luc aliletwa London akiwa mdogo mno. Kiswahili anacho, lakini mambo haya hakuna aliyemfundisha.

Idara ya ndege ilisoma "mgonjwa" ikaelewa mgonjwa. Ikampanga Luc kwenye foleni nyuma ya masanduku ya sampuli za barafu. Ndege ikatua, ikabeba vipande vya barafu, ikaondoka bila Luc, na dhoruba ikafunga anga. Vipande vya barafu, jamani! Nikikumbuka natamani kupiga kitu teke.

Bosi wa Raïssa, Seema, ambaye wazazi wake walitoka Kisumu, aligundua ukweli Raïssa alipoomba ruhusa ya kwenda kuzika.

"Raïssa, mbona hukuniambia? Rule iko clear kabisa: mzazi akifa, mtu anapewa seat ya kwanza. Mgonjwa ndio anangoja!"

Kanuni hiyo ilikuwa ya idara ya ndege. Raïssa alikuwa wa mawasiliano, na idara hizo mbili haziambiani kitu ingawa zinachemsha chai kwenye birika moja. Alirudi mezani akakaa. Jioni Luc akapiga simu ya setilaiti, akasema mwambie Mama nakuja. Raïssa akajibu atamwambia, halafu akaenda kulia chooni.

Dhoruba haikutulia, na siku ya mazishi haikuweza kusogezwa tena. Tukazika. Tulikuwa bado makaburini, matope viatuni, simu ya Raïssa ilipolia. Akafungua spika: alikuwa Luc, anayemwita dada yake Yaya.

"Yaya, hii line itakatika sasa hivi. Weka simu kwa sikio ya Mama. Hata kama hawezi kusema, atanisikia."

Raïssa akamnyooshea mjomba simu. Mjomba akatia mikono mifukoni na kutazama pembeni. Raïssa akatunyooshea sisi wengine. Hakuna aliyeipokea, na mimi nikiwemo.

"Luc," akasema, "tumetoka kumuzika."

Simu zile huchelewesha sauti, kisha swali la Luc likafika.

"Alikufa lini?"

"Mbele nikuandikie. Alikuwa ameshakufa."

Luc akasema kwa sauti ndogo sana.

"Yaya, boss wa ndege aliniambia mutu mwenye amefiwa na mama yake angepewa ile seat. Nikaangalia banapakia barafu, nikamushukuru Mungu kwamba si mimi."