Siku Tuliyomrudishia Mafuru Mlango Wake

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili na hasira nyingi kuliko akili. Tuliishi kijijini, nje ya Bunda, tukilima pamba. Jirani yetu aliitwa Mafuru. Baada ya mavuno alichoma mabua ya pamba shambani kwake bila kungoja upepo utulie. Moto ukavuka mpaka, ukashika paa letu la nyasi. Mama aliingia kumtoa mdogo wangu aliyekuwa amelala. Alimtoa mzima, lakini yeye mkono wake wa kulia uliungua hadi kwenye kiwiko.

Alilazwa Musoma majuma matano. Huku nyuma mimi nikawa mhubiri wa chuki. Nilikuwa mwimbaji kanisani, watu walinisikiliza. Nikawaambia anayemsalimia Mafuru si mwenzetu. Wakamsusa kweli. Alikuja mara mbili kuomba radhi, nikamfukuza mara zote mbili, ya pili kwa fimbo. Naona aibu hata kukusimulia.

Mama aliporudi tulikwenda kanisani, tukakaa benchi moja. Tulipotoka akaniuliza, "Bwire, kwenye Sala ya Bwana mbona unanyamazaga katikati?"

Nilidhani hakuna anayesikia. "Mama, pale pa kusamehe siwezi kudanganya."

"Hapo umefanya vizuri. Sasa kamsamehe, upate kusema."

"Na mkono wako je?"

"Mkono ni wangu," akasema. "Mimi nilishamsamehe kulekule hospitali, nikiwa bado nalia kwa maumivu. Wewe hasira hiyo umembebea nani?"

Kusema kweli, nilimnunia hata yeye.

Jumanne asubuhi tuliona mkokoteni wa ng'ombe uani kwa Mafuru. Alikuwa anahama. Hata mlango wa nyumba ameshaung'oa, ameuegemeza ukutani. Mama akatoka na bandeji yake, mimi nikamfuata. Akaenda kusimama mbele ya ng'ombe.

"Mafuru, unaenda wapi?"

"Mama Bwire, hapa sina mtu tena."

"Unaye. Shusha mizigo."

Ndipo nikamwona mke wa Mafuru. Aliponitambua tu, alimvuta mtoto wake akamficha nyuma ya kanga. Alikuwa ananiogopa mimi, mwanangu! Mimi mwimbaji.

Nikasema, "Mzee Mafuru, nimekusamehe. Na wewe unisamehe kwa ile fimbo."

Mzee yule alilia wazi mbele ya watoto wake. Tukaushika mlango, yeye huku, mimi kule, tukaurudisha kwenye bawaba zake. Mama akapiga kigelegele kilichowatoa watu mashambani. Walewale niliowachochea wakaja kushusha magunia, wakicheka, wengine wakiimba. Jumamosi tuliezeka nyumba yetu upya, na wa kwanza kupanda juu alikuwa Mafuru. Tuliimba siku nzima, sauti zikatukauka. Sijapata kuona sikukuu kubwa kuliko ile, na hakuna aliyekuwa amevaa nguo mpya.

Sasa nisikilize. Kusamehe si kusema hukuumia. Mama hakushika tena jembe vizuri, na kila nilipomwona akihangaika shambani hasira ilinirudia. Nikasamehe tena, na tena. Usingoje moyo upoe kwanza. Tangulia na mdomo na miguu, moyo mwachie Mungu. Kristo aliwaombea waliomsulubisha kabla hawajamwomba radhi, naye ndiye tunayejiita kwa jina lake. Dada yako mliyenuniana naye yuko Bukima, si mbali. Nenda, na usimhesabie makosa yake. Mpe mkono kwanza.

Bwana akutangulie njiani, akulainishie ulimi, na amtayarishe huyo unayemwendea. Mcheke pamoja mpaka majirani waje kuuliza kuna nini. Amina, mwanangu.