Nelius Alivyochambua Vita vya Burma

Mjukuu wangu wa kike, Nelius, ni karani wa kituo cha majani chai hapa Kanja, Embu, na mimi huviogopa vidole vyake. Ukimwaga majani yako juu ya ile meza ndefu, vinapita kama kuku wenye njaa: jani gumu huku, kijiti kule, yanabaki majani mawili na kichipukizi. Mchungaji alirudishiwa nusu kikapu. Mimi nyanya yake nilirudishiwa chote, na kikapu akakikung'uta. Watu wanasema anaweza kulijua jani bovu amefumba macho, akiwa Runyenjes, jani likiwa bado mtini. Hao watu ni mimi.

Sasa, ugomvi ulianzia mdomoni mwangu. Mdogo wake Nelius, Muchangi, alipata mchumba, Kathure, msichana wa Nkubu kule Meru. Wazee wao wakaja kwetu kujulishana. Tukala, na mimi nikishiba mdomo hujifungua wenyewe. Nikawasimulia jinsi baba yangu, Nyamu, alivyochukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana na Wajapani huko Burma, akambeba Mmeru aliyevunjika mguu siku saba, akavuka naye mito mitatu, mamba wakimpisha njia. Hapo ningenyamaza. Nikaongeza kwamba yule Mmeru alilia njia nzima akitaka uji.

Salesio, babu yake Kathure, akachukua kofia yake. "Mama Ireri, hata baba yangu alikuwa Burma. Yeye ndiye aliyebeba Waembu. Wawili. Mmoja kila bega."

"Hayo mabega aliyatoa wapi, kama ni haya aliyokuachia?"

Basi. Siku tatu walitukanana kwenye kundi la WhatsApp la harusi, mpaka Wameru wakatoka mmoja mmoja. Salesio akatuma neno: hatakanyaga Embu mpaka ijulikane nani alimbeba nani, na bila yeye kuwepo Kathure haolewi. Muchangi akaacha kula. Nelius hakunigombeza. Angenigombeza ningekuwa na jibu.

Aliziita pande zote mbili kwenye mjadala wa simu, ule wa kuonana nyuso, Jumapili baada ya kanisa. Mtunza saa akamweka Rashid, mwuza nyama wa Manyatta, ambaye si Mmeru wala Mwembu, na ng'ombe wa harusi alikuwa amefungwa kwake.

"Mimi sina upande," Rashid alisema. "Nataka tu kujua nichinje au nisichinje."

Tulikaa kituoni, maana Jumapili kumefungwa na mtandao unakamata vizuri. Nikachungulia ile simu. Vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, na kila chumba kina mkwe amenuna. Nyuso ishirini na tatu! Mimi ambaye shule niliiona kwa nje tu nikajikuta nimenyoosha mgongo na kufunga leso upya.

"Sheria ni hii," Nelius alisema. "Kila neno unaloleta, sema kwanza kama uliliona, uliambiwa, au unadhani. Una dakika tatu. Anayetukana namzima sauti."

Na kwa kila neno aliweka jani moja mezani: kulia lililoonwa, katikati la kuambiwa, kushoto la kudhani. Kiende, shangazi yake Kathure, ni mwalimu, akaja na kitabu. "Kimeandika mito ilikuwa mipana," akasema, "lakini jina la babu yetu hakina." Jani likaenda katikati. Hata kitabu hakikumtisha mjukuu wangu!

Zamu yangu ikafika.

"Cucu, nyanya yangu, hao mamba uliwaona?"

"Wao ndio waliniona."

"Cucu."

"Niliambiwa."

"Na baba yako ndiye aliyekuambia?"

Nikatazama meza. "Baba hakuwahi kusema kitu kuhusu Burma. Nadhani."

Salesio akacheka hadi simu ikatetemeka. Nikamwambia ana kichwa cha kibuyu. Simu yetu sote ilikuwa moja, kwa hivyo Nelius hakutafuta kitufe. Alinifunika mdomo kwa kiganja kinachonuka majani mabichi.

"Na wewe, Mzee Salesio? Mabega uliambiwa na nani?"

Kicheko kikamwisha. "Baba hakuwa mtu wa maneno, binti yangu. Nadhani."

Kulia kwa meza hakukuwa na hata jani moja. Muchangi, aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa.

"Dakika zimeisha," akasema Rashid. "Ng'ombe anauliza."

"Angoje," Nelius alisema. "Cucu, sema kitu kimoja ulichoona kwa macho yako. Hata kiwe kidogo."

Mimi mwenye maneno elfu nikaanza kuyapekua. Kisha nikaiona miguu ya baba.

"Akitoka shambani alivua viatu mlangoni, akapitisha kidole gumba kati ya vidole vya miguu, kimoja kimoja. Halafu alitoa chumvi mfukoni akajipaka miguuni. Kila siku, hata kiangazi. Mama alimwuliza kwa nini, hakujibiwa."

Chumba cha Salesio kikaingia giza. Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe Salesio amesogea karibu mno, limebaki jicho moja.

"Mama Ireri. Chumvi alitia mfuko gani?"

"Wa shati, wa kushoto. Ndani ya kitambaa."

"Alikifunga fundo?"

"Mawili."

"Mimi nilichapwa na baba kwa kuilamba ile yake," akasema. "Aliniambia mara moja tu, akiwa mgonjwa sana. Kule msituni ruba wanyonya damu walidondoka mitini kama mvua, na bila chumvi hawaachii. Usiku unamkagua mwenzako miguu, naye anakukagua yako."

Nimewavusha watu mito mitatu kwa mdomo huu, lakini sikuwahi kumwona baba yangu gizani, ameshika mguu wa mtu, anapapasa kidole kwa kidole. Labda wa Mmeru. Labda wa mtu asiyejua hata jina lake.

Salesio akavua kiatu, akainua mguu mbele ya kamera kuonyesha alivyofanya baba yake. Nami nikavua ndara, nikapandisha wangu juu ya meza ya majani. Kidole gumba kilipita vilevile. Wakwe wote walitazama miguu ya wazee wawili, na hakuna aliyecheka. Nelius akachukua majani mawili akayaweka kulia, yakigusana.

"Kwa hivyo?" Rashid akauliza polepole.

"Chinja," akasema Salesio. "Nakuja. Na Mama Ireri asiseme nilibebwa."

"Nitasema ulitambaa."

Siku ya harusi Salesio alifika kwangu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimeweka kibakuli cha chumvi kizingitini. Tukakaa hapo, hatukusema neno, muda mrefu. Na mimi kunyamaza, uliza mtu yeyote wa Kanja, ni ajabu kuliko mamba.